Ekseli pacha za nyuma kwenye gari-nyumba: anzia kwenye mizani, si dukani

Mke wangu ndiye aliyeanza kunusa. “Baba, mbona kama kuna mpira unaungua?” Nikashusha kioo, nikavuta hewa, nikamwambia ni lile lori lililo mbele yetu. Tukaendelea kwa dakika kumi hivi. Usukani ulikuwa umetulia, gari halivuti upande, haliyumbi. Tuliposimama kujaza mafuta nikazunguka nyuma na kukuta tairi la mwisho upande wa kushoto limebaki matambara yaliyojizungushia rimu. Tairi la mbele yake, lililokuwa limebeba mzigo wa mawili muda wote huo, ubavu wake ulikuwa wa moto kiasi kwamba sikuweza kuuwekea kiganja.

Nilikuwa nimetengeneza malori kwa miaka mingi kabla ya siku hiyo, na bado gari langu mwenyewe lilinificha. Ekseli pacha ndivyo zilivyo: tairi moja likiisha upepo, jirani yake hulibeba kimyakimya. Kwa hiyo ukisubiri usukani ukuambie, utachelewa. Inabidi upime.

Ninazungumzia hasa gari-nyumba lenye injini na magurudumu ya kusukuma mbele, na nyuma lina ekseli mbili zilizokaribiana zisizosukuma, kila moja ikiwa na tairi moja kushoto na moja kulia. Langu ni la tani 5, na kutoka katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) moja hadi nyingine nyuma ni sentimita 80. Malalamiko ya wenye magari haya ni mawili tu: matairi ya nyuma yanaisha upesi na vibaya, na nyuma inagonga mpaka vyombo vinalia kabatini. Wengi hukimbilia kununua shokapu mpya au matairi ya bei kubwa. Nakuomba usinunue chochote kwanza. Fuata mpangilio huu: uzito, upepo, unyoofu wa ekseli, halafu namna unavyokata kona.

Uzito wa gurudumu moja moja

Kupima gari zima hakutoshi, na kupima ekseli zote mbili kwa pamoja hakutoshi pia. Unataka kujua kila gurudumu la nyuma limebeba kilo ngapi. Zipo mizani ndogo bapa za kuwekea gurudumu moja moja, na hizo ndizo bora. Ukikosa, tumia mizani kubwa iliyo sawa na ardhi: ingiza gurudumu la kwanza la upande mmoja tu, soma, sogea mpaka yawe mawili, soma tena, kisha toa namba ya kwanza kwenye ya pili upate uzito wa gurudumu la pili. Gari liwe limepakiwa kama la safari, maji yamejaa, gesi ipo, na abiria wamekaa kwenye viti vyao.

Mara ya kwanza nilipopima, ekseli pacha ya mbele ilionyesha kilo 690 kushoto na 720 kulia. Ya nyuma ilikuwa 790 kushoto na 870 kulia. Tazama hapo: upande wa kulia gurudumu moja limebeba kilo 150 zaidi ya lingine lililo umbali wa hatua moja, na yote manne yalikuwa na upepo uleule. Tairi la kulia nyuma ndilo lililokuwa likiliwa kuliko yote, na mimi nilikuwa nimelilaumu tairi lenyewe.

Sababu iko kwenye chasisi. Kuna miundo ambayo ekseli mbili zinagawana mzigo zenyewe. Gari-nyumba la GMC lililotengenezwa Marekani kati ya 1973 na 1978, kwa mfano, lina mfuko mmoja wa upepo kila upande, uliokaa katikati ya mikono ya magurudumu mawili, kwa hiyo gurudumu moja likipanda kitu, mfuko unalisukuma na lile la pili. Lakini magari-nyumba mengi ya leo yenye ekseli za fimbo za kujipinda, yaani fimbo ya chuma ndani ya bomba la ekseli ndiyo springi yake, hayana kiungo hicho. Kila ekseli inajitegemea. Gari likiinama nyuma, ekseli ya mwisho inalemewa. Likiinama mbele, ile ya kwanza ndiyo inayolemewa. Kwa hiyo siku ileile ya kupima uzito, simamisha gari mahali tambarare kabisa, pima urefu kutoka ardhini hadi chini ya chasisi juu ya kila ekseli pacha, na ulinganishe. Langu lilikuwa limeshuka nyuma milimita 18 katika huo umbali mfupi wa sentimita 80.

Mzigo uliowekwa nyuma ya ekseli hauhesabiki kilo kwa kilo. Tuseme kutoka ekseli ya usukani hadi katikati ya ekseli pacha ni mita 4, nawe umeweka kilo 100 kwenye stoo iliyo mita 2 nyuma ya katikati hiyo. Ekseli za nyuma zitapokea kilo 150, na ile ya usukani itapunguziwa kilo 50, hizohizo unazozihitaji ili usukani ushike barabara. Mimi nilihamisha sanduku la zana na betri mbili, kilo 62 kwa pamoja, nikazisogeza mbele mita 4 na nusu. Nilivyopima tena nikapata 720 na 735 kwenye ekseli ya kwanza, 760 na 785 kwenye ya pili. Sikununua kitu hata kimoja.

Upepo wa mzigo ulio nao

Matairi yangu ni yale yenye herufi CP baada ya ukubwa wa rimu, yaliyotengenezwa kwa magari-nyumba. Fundi aliyenifungia alijaza bar 5.5 yote manne, kwa sababu ndicho kipimo kinachojulikana kwa matairi ya aina hiyo yakiwa nyuma. Kipimo hicho kiliwekwa kwa kufikiria gari lenye ekseli moja ya nyuma, tairi moja moja kila upande, zikibeba mzigo mzito. Kwenye ekseli pacha mzigo umegawanywa kwa manne. Ukijaza 5.5 kwenye tairi lenye uwezo wa kilo 1030 wakati limebeba 750, tairi linakuwa gumu kama gogo. Linakanyagia katikati tu, linarukaruka kwenye kila kiraka cha lami, na kile unachokiita shokapu mbovu ni upepo uliozidi.

Chukua uzito wa gurudumu lililo zito kuliko mengine yote ya nyuma, tafuta jedwali la mzigo na upepo la mtengenezaji wa tairi lako, usome upepo unaolingana nao. Usitumie jedwali la kampuni nyingine. Kisha ongeza kidogo, kwa sababu ekseli pacha zina hali ambayo ekseli moja haina: kwenye tuta au ukingo wa barabara kuna nukta ambapo gurudumu moja hubeba karibu mzigo wote wa upande wake huku jirani yake akining'inia. Mimi nilitua kwenye bar 4.2 kwa yote manne. Namba hiyo ni ya gari langu, usiinakili. Na usishuke chini ya jedwali kwa kutafuta ulaini, hata kwa safari fupi. Tairi lenye upepo pungufu hupata joto ndani ya kuta zake, na kwenye kona kali hujikunja mpaka ukingo wake unasugua rimu.

Pima asubuhi kabla ya kuondoka, tairi likiwa halijatembea kwa saa 3 au zaidi. Kwa matairi ya upepo mkubwa kama haya, hewa ikibadilika nyuzi 10 za Selsiasi, upepo hubadilika takriban bar 0.2, kwa hiyo safari ya kutoka penye baridi kwenda penye joto inastahili kipimo kipya.

Kisha hakikisha kwa chaki. Chora mstari mnene kuvuka tairi lote kutoka bega hadi bega, endesha taratibu moja kwa moja kama mita 100 bila kukata kona, simama uangalie. Chaki ikifutika katikati na kubaki mabegani, upepo umezidi. Ikifutika mabegani na kubaki katikati, umepungua. Ikifutika bega moja tu, suala si upepo, nenda sehemu inayofuata. Pale 5.5 nilibakiwa na chaki upana wa vidole viwili kila bega. Pale 4.2 ilifutika yote isipokuwa uzi mwembamba pembeni kabisa.

Ukiwa hapo, tazama valvu. Zile za mpira zinazochomekwa kwenye rimu kwa kawaida hazikusudiwi kuzidi bar 4.5. Weka za chuma. Na funga vihisi vya upepo kwenye magurudumu yote, vyenye kioo kidogo cha kusomea mbele ya dereva. Hiki ndicho kifaa pekee ninachokisisitiza kwa kila mwenye ekseli pacha. Ningekuwa navyo siku ile, mke wangu asingelazimika kunusa.

Kusoma tairi kwa kiganja

Watu hutazama tairi. Lipapase. Gari likiwa limezimwa na limefungwa breki, pitisha kiganja juu ya kashata, yaani vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara, kutoka nje kwenda ndani, halafu rudisha kutoka ndani kwenda nje. Tairi lenye afya huhisi sawa pande zote mbili. Tairi linaloburutwa huhisi laini njia moja, na ukirudi hukwaruza kama kupapasa samaki kinyume na magamba. Ukwaruzo huo ni kingo za kashata zilizonolewa na lami, na zinakuambia tairi linaburuzwa kuelekea wapi.

Sasa linganisha kushoto na kulia kwenye ekseli ileile. Kingo kali za matairi yote mawili zikielekea katikati ya gari, au yote mawili zikielekea nje, magurudumu yenyewe yamefungwa kwa kukunjana au kutanuka, na hilo ni la kurekebishwa kwenye alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu. Zikielekea upande mmoja wa gari, tuseme zote zinatazama kulia, basi ekseli nzima imekaa mshazari. Zikiwa zimetokea kwenye mabega yote mawili ya kila tairi, bila upande maalumu, hiyo ni kazi ya kona: umekata kulia na kushoto kwa miezi, na mabega yamelika kwa zamu. Mambo haya matatu yana tiba tatu tofauti, na nimeona watu wakilipia alaimenti mara mbili kwa kosa lililokuwa la kuegesha.

Mashimo madogo yanayojirudia kuzunguka tairi, kama vidole vilivyobonyeza ugali, husababishwa na gurudumu linalorukaruka: shokapu iliyokufa au balansi iliyoharibika. Kuinamia kona ya gari na kulibonyeza hakusaidii kwenye gari zito kama hili. Fanya hivi: endesha nusu saa kwenye barabara yenye matuta madogo, simama, na mara moja gusa kila shokapu ya nyuma kwa uangalifu. Inayofanya kazi huwa ya moto, kwa sababu kazi yake ni kugeuza mtikisiko kuwa joto. Ukikuta tatu za moto na moja ya baridi, hiyo ya baridi imekufa. Habu ukiipapasa vivyo hivyo itakuambia kama breki moja inabana.

Pima pia kina cha kashata kwa geji, sehemu tatu kwa kila tairi: ndani, katikati, nje. Andika kwenye daftari pamoja na kilomita. Namba zilizoandikwa miezi mitatu iliyopita zinasema kuliko macho ya leo. Na usisahau umri. Tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni ni juma na mwaka: 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Matairi ya gari-nyumba mara nyingi hufa kwa uzee, jua na kusimama, kashata zikiwa bado nzuri, kwa hiyo baada ya miaka 5 yakaguliwe na mtaalamu kila mwaka.

Timazi na kamba

Si lazima uwe na mashine ili kujua kama ekseli zimelingana. Simamisha gari kwenye sakafu ya saruji, usukani umenyooka, umelivuta mbele mita chache kwa mstari ulionyooka ili matairi yajilegeze. Ning'iniza timazi kutoka katikati ya kila habu ya nyuma, weka alama ya chaki sakafuni. Pima umbali kati ya alama mbili za kushoto, kisha mbili za kulia. Mimi hutaka tofauti isizidi milimita 3. Halafu pima mishazari: habu ya kwanza kushoto hadi ya pili kulia, na kinyume chake. Mwisho, pima kutoka gurudumu la usukani hadi ekseli ya kwanza pacha, pande zote mbili. Ukikuta tofauti, usiharakishe kusema chasisi imepinda. Inua gari kwa jeki, weka stendi imara, ulishike gurudumu kwa mikono miwili na ulitikise, kisha utumie nondo kukagua kama mkono wa gurudumu unacheza kwenye bushi. Mara nyingi jibu liko hapo.

Wenye ekseli za fimbo za kujipinda zenye sehemu za kupigia grisi, kama zile za zamani za kampuni ya AL-KO, mna kazi moja ya ziada: grisi kila kilomita 20,000 au mara moja kwa mwaka, gari likiwa limeinuliwa ili ekseli isiwe na mzigo. Ikikauka, mkono unakwama ndani ya bomba lake, ekseli moja inakuwa kama imechomelewa, na ile nyingine inafanya kazi ya mbili. Hapo nyuma itagonga hata uweke upepo gani.

Mpira unaisha kwenye maegesho

Kwenye barabara kuu iliyonyooka ekseli pacha hazili tairi kuliko ekseli moja. Mpira unaisha unapozunguka pole pole mahali pabana.

Gari lenye ekseli moja nyuma huzunguka kwenye nukta iliyo kwenye mstari wa ekseli hiyo, kwa hiyo matairi yake yanabingirika bila kuteleza kando. Ukiwa na mbili zisizogeuka, nukta hiyo hukaa kwenye mstari ulio katikati yao, na hakuna tairi hata moja lililo juu ya mstari wake. Ukikata kushoto, magurudumu ya ekseli ya kwanza yanaburutwa kuelekea kushoto, ya ekseli ya pili yanaburutwa kuelekea kulia. Mwombe mtu aendeshe taratibu akiwa amekata usukani wote, nawe simama kando, uchutame, utazame. Utaona rimu mbili zilizokaribiana zikihama pande tofauti juu ya matairi yao, kuta zimevimba, na utasikia lami ikisaga.

Kwa ekseli zilizoachana sentimita 80, ukizunguka kwenye duara la nusu kipenyo cha mita 7, kila tairi linaburutwa kwa pembe ya nyuzi 3.3 hivi. Panua hadi mita 14 na pembe inashuka hadi 1.6. Na si kwamba unapunguza msuguano kwa nusu tu: kwa kila mita unayosogea, nguvu ya kuburuta inapungua nusu, na umbali wa kuteleza unapungua nusu, kwa hiyo mpira unaosagwa katika mita hiyo unapungua karibu mara nne. Ndiyo maana nasema kona moja pana ina thamani kuliko tairi la bei.

Kwa vitendo: anza kusogea kwanza, ndipo ugeuze usukani. Ingia maegesho kwa upana wote uliopo. Ukishindwa kuingia kwa mara moja, rudi nyuma kwa kunyooka na uje tena, usikaze usukani mpaka mwisho na kusukuma. Ukipewa kuchagua, chagua sehemu unayoingia mbele na kutokea mbele. Kama lazima ugeuke kwa kubana, geukia kwenye changarawe au nyasi kuliko lami kavu, ili changarawe ndizo ziteleze badala ya mpira wako.

Kusawazisha gari kwa ngazi za plastiki nako kunaharibu bila kelele. Ukipandisha gurudumu moja tu la upande, lile la pili linaning'inia na lililopanda linabeba mzigo wa mawili usiku kucha. Tafuta mbao ndefu zinazobeba magurudumu yote mawili ya upande huo kwa usawa.

Mabasi makubwa ya kuishi, yenye ekseli ya kusukuma na nyingine ya kusaidia nyuma yake, kanuni ni hizohizo, ila nyingi zina swichi ya kuipunguzia mzigo ekseli ya kusaidia. Itumie kwenye kona za kubana kwa mwendo wa kutembea, halafu irudishe kabla ya kuongeza mwendo, kwa sababu muda huo ekseli ya kusukuma imebeba yote.

Badilisha nafasi za matairi ya ekseli ya kwanza na ya pili kila kilomita 10,000, lakini baada ya kupata chanzo, maana ukibadilisha kabla unafuta ushahidi. Nati zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, kisha zikaguliwe tena ukishatembea kilomita 50 hadi 100. Kona za ekseli pacha huvuta magurudumu kando kwa nguvu nyingi, na nati iliyolegea huku nyuma hutaisikia ukiwa kwenye usukani.

Kwenye daftari langu, tairi la kulia nyuma kabisa lilikuwa limepoteza milimita 2.5 begani kwa kilomita 10,000 kabla sijahamisha zana wala kupunguza upepo. Kilomita 10,000 zilizofuata lilipoteza 1. Jumamosi navua yote manne, ya kwanza yaende ya pili, na naanza ukurasa mpya.